Tuisheni ya hesabu ya babu mmoja huku Chuno, Mtwara: vigawo, vigawe na namba tasa, nyota 4 kati ya 5

Naandika hii kwa wazazi wa Mtwara mjini, hata wa Mikindani na Naliendele, wenye watoto wa darasa la nne mpaka la sita ambao hesabu zinawasumbua nyumbani. Mi nimehangaika karibu mwaka mzima kabla sijapata pa kumpeleka mwanangu, na kama ningekuta mzazi mwenzangu ameandika mapema ningeokoa hela na machozi.

Machozi kweli kabisa. Kuna usiku mmoja binti yangu alipewa kazi ya nyumbani aonyeshe kama 97 ni namba tasa au sio tasa. Akaanza kugawa kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5, anaenda mbele tu, anafuta anaandika, saa tatu usiku imefika yuko kwenye 31 na daftari limechafuka lote, machozi yanamtoka. Nikamuuliza mwanangu, unaishia wapi? Akaniambia mama sijui, labda mpaka 96. Na mi nilikua sijui. Nimesoma mpaka kidato cha nne, najua namba tasa ni ile inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu, lakini hakuna siku mtu aliniambia ukiitafuta unaishia wapi. Nikamwambia funga daftari ukalale, na mi nikabaki nimekaa pale mezani roho inaniuma, maana mtoto alikua anajitahidi kwa nguvu zake zote na hakuna aliyempa njia.

Nilianza na tuisheni moja ya karibu na nyumbani, siitaji. Pale walikua wanakaririshwa orodha, namba tasa kutoka 2 mpaka 97, wanaimba kama shairi asubuhi na jioni. Mtoto akazijua zote 25 bila kukosea hata moja, nikafurahi. Siku moja nikamuuliza na 101 je? Kimya. Orodha imeisha, na yeye ameisha. Alafu kwenye daftari lake la pale pale nikakuta ameandika vigawe vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6, 12, na imewekewa vema. Sasa hizo ni vigawo, namba zinazoigawa 12 bila kubaki kitu! Vigawe vya 12 ni 12, 24, 36, 48, vinaendelea havina mwisho. Nilimtoa wiki ile ile.

Baadae mdogo wangu akanishauri nipakue programu kwenye simu, ya mazoezi ya hesabu. Nayo siitaji. Inauliza namba, mtoto anabonyeza tasa au sio tasa, inatoa alama ya kijani au nyekundu, basi. Haisemi kwa nini. Mtoto akajifunza kubahatisha, maana akikosea anabonyeza ile nyingine. Tena ilikua inahesabu 1 kua ni namba tasa, na bando linakatika kila siku mbili. Nikaifuta.

Hii ya Chuno nimeelekezwa na mama mmoja tunayenunua nae korosho. Ni kibarazani kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, watoto wanamwita Babu Mwalimu, sitaandika jina lake wala nyumba maana hajaniruhusu, ila ukifika sokoni Chuno ukauliza tuisheni ya babu wa korosho utaonyeshwa. Ada ni shilingi 500 kwa siku, Jumatatu mpaka Alhamisi, saa tisa na nusu mpaka saa kumi na mbili jioni. Usipokuja hulipi. Mabenchi, ubao mweusi mmoja, chaki, na gunia dogo la korosho ghafi.

Hilo gunia ndo shule yenyewe.

Siku ya kwanza nilikaa nje kidogo nisikilize, nilishaumwa na nyoka mara mbili kwaio hata ung'ongo ungenishtua. Akagawa watoto makundi, kila kundi korosho 12, akasema zipangeni kwa mistari iliyo sawa sawa, isizidi wala isibaki hata moja nje. Watoto wakapanga. Wengine mstari mmoja wa 12, wengine mistari miwili ya sita sita, wengine mitatu ya nne nne. Akauliza kuna kundi limepanga mistari mitano? Walijaribu, zikabaki mbili. Akasema basi 5 sio kigawo cha 12, lakini kila mpango uliokubali umekupa vigawo viwili kwa mpigo, 1 na 12, 2 na 6, 3 na 4. Andikeni. Alafu akaongeza korosho moja kwa kila kundi, zikawa 13, akasema pangeni tena. Wamehangaika pale dakika kumi nzima, na yeye hasemi kitu, kakaa tu na bakora yake. Mwishowe kabinti kamoja kakasema babu hii haikubali, inakubali mstari mmoja tu. Ndo akainuka akaandika ubaoni 13, namba tasa.

Jamani mi nilisikia kitu moyoni. Miaka yote hiyo nilikua naijua ile sentensi ya kugawanyika kwa moja na kwa yenyewe, lakini sijawahi kuiona. Pale niliiona imelala chini kwenye sakafu, korosho 13 kwenye mstari mmoja mrefu.

Kingine nilichokipenda ni vile anavyotengua lile fundo la kigawo na kigawe, ambalo naamini ndo linaangusha watoto wengi kuliko hata hesabu zenyewe, maana ni herufi moja tu. Yeye haanzi na hesabu, anaanza na Kiswahili. Anawauliza, kizibo kinafanya nini? Kinaziba. Kifuniko? Kinafunika. Haya, kigawo? Kinagawa. Alafu anageuza, mteule ni nani? Aliyeteuliwa. Mtume? Aliyetumwa. Kiumbe? Kilichoumbwa. Kigawe? Watoto wote, kilichogawanywaaa! Kwaio 3 ni kigawo cha 12 kwa sababu 3 inaigawa 12, na 12 ni kigawe cha 3 kwa sababu yenyewe ndo inagawanywa. Ni jambo moja unalitazama kutoka pande mbili. Tangu siku ile binti yangu hajachanganya tena, na mi mwenyewe sijachanganya, na nimewafundisha wanawake wenzangu watatu pale tunapobangulia ambao watoto wao wanasoma kwingine.

Namba shufwa (zinazogawanyika kwa 2) na witiri (zisizogawanyika kwa 2) hazikumsumbua mwanangu, wale watoto wa madrasa waliishika witiri haraka kwa sababu ya swala ya witri ambayo rakaa zake lazima ziwe witiri.

Ila kwenye neno tasa kuna kitu nataka nikiseme maana kilinigusa. Watoto walilicheka, mnajua wenyewe neno hilo mtaani linasemwa kwa nani. Mmoja akataja jirani yao mama fulani. Babu alisimamisha somo. Akawaambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba hapa neno hili ni la namba, namba haina moyo haiumii, lakini mtu anaumia, na atakayelitumia kwa mtu hatakaa kwenye benchi lake tena. Alafu akaendelea na korosho zake kama hakuna kilichotokea. Mi nina dada yangu ambaye ameishi na neno hilo miaka mingi, kwaio nilimshukuru yule mzee moyoni, na ningempa nyota moja kwa hilo peke yake.

Wiki ya pili akawapa chekeche. Karatasi kubwa ya manila, ameipigia miraba mia moja kwa rula, 1 mpaka 100. Akasema tunachekecha kama unavyochekecha unga, pumba zinabaki juu na unga unashuka. Aliwaambia njia hii ni ya mzee mmoja wa Kigiriki anaitwa Eratosthenes, aliyezaliwa Cyrene ambayo leo iko Libya, akafanya kazi Alexandria kule Misri, zaidi ya miaka 2200 iliyopita. Mwanangu akaja kuniambia kwa furaha mama kumbe ilitengenezwa huku huku Afrika.

Inavyofanyika, 1 unaifunika kwanza. Hapa watoto waliuliza kwa nini, na mi nilisogea nisikie maana ndo ile ile programu ya simu ilikosea. Akawaambia namba tasa inatakiwa iwe na vigawo viwili, 1 na yenyewe, sasa 1 yenyewe ni hiyo hiyo, ina kigawo kimoja tu. Alafu akaongeza jambo ambalo sijawahi kulisikia, kwamba kila namba kuanzia 2 ambayo sio tasa inajengwa na namba tasa kwa njia moja tu, mfano 12 ni 2 mara 2 mara 3, huwezi kuijenga na tasa nyingine. Sasa ukiiruhusu 1 iingie kwenye hesabu hiyo utaandika 2 mara 2 mara 3 mara 1, mara 1 tena, mara 1 tena, hutamaliza, na ile njia moja imepotea. Kwaio 1 inakaa nje, sio tasa na wala sio zile zinazojengwa na tasa.

Baada ya hapo unaiacha 2 na unaweka korosho juu ya vigawe vyake vyote, 4, 6, 8 mpaka 100. Akawahesabisha, zimeondoka 49. Unaiacha 3, unafunika vigawe vyake ambavyo bado viko wazi, 9, 15, 21 mpaka 99, zimeondoka 16. Kwenye 5 zimeondoka 6 tu, 25, 35, 55, 65, 85 na 95. Kwenye 7 zimeondoka tatu, 49, 77 na 91. Mnaona zinavyopungua? Arobaini na tisa, kumi na sita, sita, tatu. Watoto wakataka kuendelea na 11, wakatafuta kigawe cha 11 ambacho hakijafunikwa, hakuna. 22 imeshafunikwa na 2, 33 na 3, 55 na 5, 77 na 7, 99 na 3. Ya kwanza ambayo ingekua mpya ni 11 mara 11, na hiyo ni 121, iko nje ya karatasi. Kwaio kazi imeisha. Zilizobaki wazi ni 25, zile zile ambazo mwanangu alikua anaziimba kule kwingine, ila safari hii anajua kila moja imebaki kwa nini.

Na hiyo 91 nimekuja kuigundua kua ni mtego mkubwa. Muulize mtu mzima yeyote hapo ulipo, 91 ni tasa? Wengi watakwambia ndio, inafanana kabisa na tasa. Kumbe ni 7 mara 13. Babu ana orodha yake anaiita wanafiki: 51, 57, 87, 91, 119, 133, 143. Anasema hizi zimevaa kanzu ya tasa. 51 na 57 na 87 unazikamata kwa kujumlisha tarakimu, 5 na 1 ni 6, 5 na 7 ni 12, 8 na 7 ni 15, zote zinagawanyika kwa 3 basi na namba zenyewe zinagawanyika. Ya 7 ana njia yake, chukua tarakimu ya mwisho izidishe kwa 2, itoe kwenye zilizobaki. 91, moja mara mbili ni 2, 9 toa 2 ni 7, imekamatwa. 119, tisa mara mbili ni 18, 11 na 18 ukitafuta tofauti ni 7, imekamatwa.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta, kuishia wapi.

Pale kibarazani kuna bao, asubuhi wazee wenzake wanakuja kucheza. Siku hiyo akaliweka katikati ya watoto. Mashimo 32, safu nne za nane nane, na kete 64. Akasema niambieni vigawo vya 64 kwa jozi. 1 na 64. 2 na 32. 4 na 16. 8 na 8. Akawaambia tazameni, huyu wa kushoto anapanda, 1, 2, 4, 8. Huyu wa kulia anashuka, 64, 32, 16, 8. Wanakuja wanakutana. Baada ya kukutana mnapata nini? Mtoto mmoja akasema 16 na 4. Hiyo si tumeshaiona? Tumeshaiona. Basi kuna haja ya kuendelea? Hakuna. Ukifika pale wanapokutana umeshamaliza, mbele yake ni jozi zile zile zimegeuzwa. Na pale wanapokutana ndo panaitwa kipeuo cha pili. (Ndo maana pia 64 ina vigawo saba, namba witiri, kwa sababu 8 mwenzake ni yeye mwenyewe. Hivo hivo 36 ina tisa. Mwanangu alikaa jioni nzima anatafuta nyingine za namna hiyo, 4, 9, 16, 25, akagundua mwenyewe kua ni zile za kipeo cha pili tu, yani namba ikizidishwa kwa yenyewe, na sijawahi kumuona na uso ule kwenye hesabu.)

Kwaio 97. Vigawo vyake kama vipo ni viwili vinavyozidishana, na haiwezekani vyote viwili viwe 10 au zaidi maana 10 mara 10 ni 100, imeshapita. Lazima kimoja kiwe 9 au chini. Na kwenye hizo za chini hujaribu zote, unajaribu tasa peke yake, maana kama 2 imekataa basi 4, 6 na 8 zimekataa pia, na kama 3 imekataa 9 nayo imekataa. Zinabaki 2, 3, 5 na 7. Kugawa mara nne! Ule usiku mwanangu alikua amegawa mara thelathini na bado alikua anafikiri kuna sitini na kitu mbele yake. Aliporudi siku hiyo hakuvua hata sare, alikaa pale pale mezani akaniambia mama niandikie 97, akafanya, 2 imekataa, 3 imekataa, 5 imekataa, 7 imebakiza 6, akaweka peni chini akasema nimemaliza mama, ni tasa. Nikamuuliza una uhakika gani hujaribu na 11? Akanijibu 11 ingehitaji mwenzake mdogo kuliko yeye, na wadogo wote wameshakataa.

Hapo ndo nilijua hela yangu haijapotea.

Faida nyingine imekuja baadae kwenye hesabu za sehemu. Shuleni walipofika kurahisisha 42 kwa 56 yeye anatafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, 14, anapata robo tatu kwa mara moja, wenzake wanagawa kwa mbili, alafu kwa saba, wengine wanaishia njiani. Kujumlisha moja ya sita na moja ya nane, anachukua vigawe, 6, 12, 18, 24, na 8, 16, 24, wanakutana kwenye 24, ndo Kigawe Kidogo cha Shirika, jibu saba ya ishirini na nne. Lakini lililonifurahisha zaidi ni la nyumbani. Mi nauza korosho za kubangua, nilikua na pakiti 84 za chumvi na 60 za kawaida nataka nizipeleke Dar kwa ndugu yangu agawie maduka, kila boksi liwe na mchanganyiko ule ule, isibaki pakiti nje. Nilishaanza kufungua na kufunga maboksi. Mtoto akaniambia mama subiri, 84 ni 2 mara 2 mara 3 mara 7, 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5, wanachoshirikiana ni 2 mara 2 mara 3, 12. Weka maboksi 12, kila moja za chumvi 7 na za kawaida 5. Tukapanga, ikaisha sawa sawa.

Sasa kwa nini nyota nne na sio tano, maana nataka msije mkanilaumu.

Kwanza wamejaa. Nimehesabu siku moja watoto 34 kwenye kibaraza kile, wa darasa la nne na wa sita pamoja, wa mwisho wanakaa kwenye ngazi na ubao hawauoni vizuri. Mvua ikinyesha ya upepo ndo hakuna somo kabisa, na Machi na Aprili tulipoteza siku nyingi.

Pili muda. Saa kumi na mbili kamili kwa Mtwara yetu sio mchezo, huku jua linawahi kuzama kuliko wenzetu wa Mwanza na Kigoma, mwezi wa sita saa kumi na mbili jua ndo linazama na mtoto bado yuko Chuno anatakiwa arudi Chikongola, giza linamkuta njiani. Nimemuomba babu aanze saa tisa amalize mapema, akasema wengine wanatoka shule mbali. Ikabidi tuungane wazazi wanne tuwe tunakodi bajaji moja kuwarudisha, hiyo ni gharama ambayo hamtaiona kwenye ada.

Tatu anaenda taratibu sana. Wiki tatu nzima kwenye vigawo na namba tasa wakati shuleni wameshahamia kwingine. Kwa mwanangu ilikua sawa, alikua anahitaji, lakini kama mtoto wako yuko darasa la saba na mtihani uko mlangoni sidhani kama hapa ndo pake, mtafute mtu wa kumpitisha kwenye maswali. Na mzee hapendi kabisa kuulizwa maswali ya mitihani ya zamani, anasema korosho kwanza karatasi baadae. Mi hilo nalielewa ila najua kuna wazazi litawaudhi.

Nne, anafundisha kwa Kiswahili tupu. Kwa sisi wa shule za serikali ni raha, ila wale wenye watoto shule za Kiingereza itabidi mkae na mtoto mumuoanishie maneno nyumbani. Na kwa kweli hata wetu watakutana na maneno mapya kidato cha kwanza, ningependa awe anawaandikia pembeni ubaoni angalau wa darasa la sita. Nimemwambia, amesema atafikiria.

Na msimu wa korosho ukianza, kuanzia mwezi wa kumi, nusu ya watoto hawaonekani wako mashambani na wazazi wanaokota. Hilo sio kosa lake, ila anayebaki anafaidi maana wanakua wachache na anawafikia mmoja mmoja. Mi nilimbakisha wangu.

Ndo kipindi hicho hicho akawapa kazi ya sikukuu ya uhuru. Disemba 9 hakuna somo, lakini kila mtoto aje na jibu, mwaka wa uhuru wetu 1961 ni tasa au sio? Binti yangu alianza asubuhi baada ya chai. Kwanza akatafuta pa kuishia, 44 mara 44 ni 1936, 45 mara 45 ni 2025 imepita, kwaio tasa zote mpaka 43, ziko 14, akaziandika pembeni. 2, 3 na 5 akazikataa kwa kutazama tu. 7 ikabakiza 1. 11 ikabakiza 3. 13, ikabakiza 11. 17, 19, 23, 29, 31, zote zinabakiza. Mi nilikua nabangua pembeni yake na nilishaamini ni tasa, nikamwambia andika tasa tule. Akasema bado mama, zimebaki tatu. Akajaribu 37. Ikaingia, 53 kamili, haikubaki kitu. Aliruka kutoka kwenye mkeka. Jumatatu yake kumbe zaidi ya nusu ya darasa walikua wamekata tamaa kwenye 31, na babu akampa yeye na mwenzie mmoja chaki waandike ubaoni. Alafu akawapa ya kwenda nayo nyumbani, 1999, mwaka aliofariki Mwalimu Nyerere. Hiyo aliimaliza zote 14, hakuna iliyoingia, ni tasa.

Kwa anayetaka kumpeleka mtoto, nendeni mapema Januari wiki ya kwanza kabla mabenchi hayajajaa, mtoto abebe kaunta buku na korosho ghafi ishirini na tano za kwake maana zile za gunia hazitoshi. Mpite kwa babu kabla ya saa tisa, akishaanza somo hasikilizi mgeni.